Viti Viwili vya Dada Yangu

Ijumaa, 7 Machi
Nimefika kwa binti yangu aliyejifungua. Mjukuu mzima, mama yake anadeka tu. Ndani ya ndege nilikaa kama malkia — viti viwili vya pembeni vitupu, kimoja cha mkoba, kimoja cha mguu wangu uliovimba. Kazi ya kitinda mimba wangu, mgonjwa wa pointi za ndege, zile anazopewa msafiri wa mara kwa mara azigeuze tiketi. Alivikatia tiketi kwa pointi, kwa jina la dada yangu na la mume wake. Dada yangu ngazi za kwake tu zinamshinda! Saa moja kabla ya kuruka akazifuta tiketi, hakuna tena wa kuvinunua, na pointi zikarudi zote. Nikamwita mjanja. Nilicheka hadi machozi.

Jumatano, 19 Machi
Nimerudi nyumbani. Jirani yangu fundi cherehani kafiwa na mama yake, mji ule ule wa binti yangu. Nikaenda kumpa pole. Anasema Alhamisi ya tarehe sita alipigiwa simu kwamba mama mahututi, anamwita. Akatafuta ndege ya Ijumaa, akaambiwa imejaa, na nyingine hadi Jumanne. Akapanda basi, siku mbili. Alikuta wameshazika.
Ijumaa. Ndege yangu.
Nikasema pole tena, nikaaga. Mdomo huu unaosema kila kitu.

Alhamisi, 20 Machi
Nimemwita kitinda mimba wangu, nikamkaripia. Akajitetea eti wenzake wote wa pointi wanafanya hivyo, na kampuni yenyewe huuza tiketi nyingi kuliko viti, haiumii.
"Kampuni siijui," nikamwambia. "Fundi namjua."
Akainama. Kisha akasema polepole, "Mama, mguu ulikuwa wako."
Mpumbavu. Lakini kweli ni wangu. Sikujiuliza viti vile vingemfaa nani. Nilivua viatu nikajinyoosha.

Jumamosi, 22 Machi
Fundi yuko sebuleni. Kaleta gauni langu nililompa ashone, kalipunguza mikono bila kuombwa, eti niliacha kila kitu nikaenda kumpa pole. Nimemkaribisha chai. Akauliza nilisafiri lini. Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole.
"Bibi, ndege ilikuwa imejaa kweli?"
Nimemwambia sukari iko kabatini, nikaja huku chumbani kutafuta miwani. Miwani ninayo usoni. Naandika nimesimama. Namsikia anakoroga, anaweka kijiko. Sasa ananiita —