Mashine ya Sajenti na Meno ya Baba Watoto

Jumatatu, 4 Machi

— basi, kama nilivyokuwa nasema jana kabla maziwa hayajamwagika jikoni, meno hayajaonekana. Yale matatu ya mbele ya mume wangu, ya bandia, yenye waya. Anasema alikuwa anasukutua uani, chafya ikamshika, yakaruka nyasini. Haya. Harusi ya binti yetu ni Jumamosi, na baba ndiye wa kusema maneno ya familia. Sasa anaongea kiganja mdomoni kama mtu anayesengenya. Kusengenya ni kazi yangu mimi! Yeye ni fundi cherehani, siku nzima anaongea na uzi.

Leo mdogo wake kaniazimisha mashine. Ile kama kirungu, unapitishiwa mwilini getini, ikikuta chuma inalia. Yeye ni mlinzi, yuko likizo. Mtaa mzima tunamwita Sajenti, na hata manati hajawahi kushika. Kaniambia, "Shemeji, Ijumaa jioni naingia kazini nayo. Ikifa hiyo, na kazi yangu imekufa. Usiitoe nje mvua ikinyesha."

Mvua ikanikuta katikati ya nyasi. Ningeachaje? Nilishapata vifuniko vya soda, misumari, na kijiko changu kile nilichomnunia jirani. Halafu mashine ikaanza kulia yenyewe, haijaoneshwa kitu. Halafu kimya.

Nimeifunga vizuri kwenye mfuko wa nailoni, isilowe zaidi.

Jumanne, 5 Machi

Mfuko umetoka jasho ndani kama kwapa. Nimempigia Sajenti, ningefanyaje. Kaniuliza mara mbili kama nimesema nailoni. Kisha akaanza: nani kakwambia uifunge ikiwa mbichi? Toa betri. Futa kwa kitambaa kikavu. Iache wazi kivulini, penye upepo. Nikamwambia mbona nimeshaiweka karibu na jiko. Hapo kafoka — plastiki itapinda! Nimeitoa mbio.

Mume kapita, kaiona imelala mezani tumbo wazi. "Imekufa hiyo, mrudishie mwenyewe." Kasema kwa upole, karibu na furaha. Nikajua ananipa pole.

Jumatano, 6 Machi

Sajenti kaja mwenyewe. Vile visipringi vya betri vimeota kutu ya kijani, kavisugua kwa pamba na spiriti. Tope lililoingia kwenye ufa kalichokoa kwa kijiti cha meno. Nikamwambia, nyumba hii vijiti tunavyo, meno ndiyo hatuna. Hajacheka.

Betri mpya. Taa imewaka!

Kanifundisha kuipima: ipitishe kwenye sufuria, ilie. Ipitishe kwenye nguo, inyamaze. Ikilia kwenye nguo, basi unyevu bado umo ndani, toa betri, iache ikauke tena. Akaenda zake kuchukua viatu vya harusi.

Sufuria — imelia. Nguo — nikachukua koti la mume la harusi, lile alilolishona mwenyewe akalimaliza Jumapili, linaning'inia mlangoni. Kitambaa kitupu, vifungo vya plastiki, zipu halina.

Imelia.

Nimetoa betri.

Alhamisi, 7 Machi

Koti asubuhi: inalia. Koti mchana: inalia. Nimeipepea kwa gazeti mpaka mkono umekufa ganzi. Nimepunguza ukali kwenye kitufe chake. Bado.

Sajenti hakula. Kakaa kizingitini na sare mapajani, kaniuliza kama shambani kwa mjomba wangu wanatafuta mtu wa kupalilia. Mume, kiganja mdomoni, akasema, "Basi mdogo wangu ndiye aseme harusini, mimi na mdomo huu sisimami mbele za watu." Sajenti kamjibu, "Kaka, kesho sina kazi, nisimame niseme nini?"

Binti kaondoa sahani. Baadaye kanifuata jikoni: "Mama, baba asiposema, nani ataniaga?"

Mume kasikia. Kaenda kulisha kuku. Kuku walishakula.

Ijumaa, 8 Machi

Sajenti anavaa sare chumba cha pili. Nikasema mara ya mwisho. Koti: inalia. Kwa hasira nikaipitisha kwenye mto. Kimya. Pazia, kimya. Gauni langu, kimya. Paka, kimya na kakimbia. Koti — inalia. Wala si koti lote. Ni pindo la chini, kushoto.

Masikini mashine. Tangu Jumatano inasema kweli, na mimi kila ikisema naitoa betri.

Nikadhani sindano, mafundi husahau. Nikabinya. Sindano gani ina fizi? Meno matatu! Na mshono mpya, mdogo mdogo, ule mkono naujua.

Nilishika kitasa niende kwa jirani nikamwage yote. Nikakumbuka siku binti alipokwenda bweni. Baba yake, mtu mzima, kasimama nyuma ya mlango, futi ya kupimia shingoni, anafutia machozi nchani mwake. Kumbe haogopi watu. Anaogopa kulia, ndiyo maana kayaficha meno. Lakini angetaka yapotee kabisa asingeyashonea kwenye koti analokwenda nalo harusini. Au vipi?

Nimempa Sajenti mashine yake. Kapima kwenye mto, kapima kwenye sufuria, kakaa chini kwa furaha. "Ilikuwa nini, shemeji?"

Mimi, na mdomo huu, nikasema, "Unyevu."

Kaondoka anapiga mluzi. Nimebaki na koti mapajani. Mkasi wake huu hapa. Na uzi wake huu hapa, rangi ileile. Nikifumua, ataniona nimeona. Nikiacha, binti —

Ananiita huyo. "Mama watoto, koti langu umeliona?" Naja! Anakuja mwenyewe, nasikia ndala. Sijui nishike mkasi au nishike —