Kioo cha Kubebwa na Wawili

4 Machi

Mdogo wangu,

Habari za huko? Mimi na mama tu wazima, wasiwasi ni juu yako.

Kwa masikitiko makubwa naitangazia familia kwamba kifungo cha suruali yangu kimetutoka jana saa nne asubuhi, mbele ya wateja, baada ya kupambana kwa muda mrefu na kitambi. Kimeacha suruali na pini mbili.

Karakana ya vioo ipo. Tajiri ameajiri mkata vioo mwingine mahali pako, anakata kama anaomba ruhusa. Mama hakutaji, ila sahani yako hajampa mtu. Pombe umeacha?

Kaka yako


19 Juni

Kaka, shikamoo.

Pole na msiba wa kifungo.

Muuguzi ndiye ananiandikia, mwandiko wangu sasa ni wa kuku anayeparua. Nimepigwa picha ya kichwa. Daktari anasema kisogoni kuna ubongo mdogo unaopima mwendo: mkono ufike wapi, mguu utue wapi. Seli zake hupashana habari kwenye maungio yasiyoonekana kwa macho, na yangu yanakatika moja moja. Ndiyo maana nikifuata kikombe mkono unakipita, na nikiongea ulimi unaburuza maneno.

Akaniuliza kuhusu pombe. Nikasema sijawahi kuionja. Lakini siku ile kioo kilipovunjika ulisema nanuka, na wewe si mtu wa kusema uongo. Nimeanza kujishuku, labda hiki kichwa kinanificha mambo. Daktari anataka ukweli. Nilinuka?

Mdogo wako


2 Septemba

Mdogo wangu, marahaba.

Barua yako nimekaa nayo miezi miwili na ushee, najidai natafuta kalamu.

Hukunuka. Ulinukia sabuni ya kufulia, basi.

Kioo kile kilikuwa cha kubebwa na watu wawili, na wa pili ni mimi. Nilikuwa mlangoni nawachekesha wateja, nakuigiza unavyotembea umetanua miguu kama bata. Ukaniita mara mbili. Nikasema, "Anza, nakuja." Kisha nikasikia mlio. Tajiri akatoka: "Huyu amekunywa?" Nikaona damu kiganjani mwako, nikaona kibarua changu kinaota nyasi, nikajibu, "Ananuka kidogo." Ulinitazama, hukubisha.

Jana nimemweleza tajiri, naye amenipa barua ya kuondoka. Kisha mama. Aliuliza swali moja tu, kwa nini ulinyamaza. Nikamwambia uliniamini.

Mwambie daktari hukunywa.

Kaka yako