Kiatu cha Mguu wa Kushoto

Greyville, Durban
14 Septemba 2014

Mpendwa mjukuu wangu Ladislas,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Habari ya huko Italia, mke wako hajambo, mtoto ananyonya vizuri? Goti lako limepoa, au baridi bado inalichokoza? Sisi hapa tunapumua. Miguu yangu inavimba lakini mdomo ni mzima, na leo utausikia. Dada yako Huguette ndiye anaandika, maana mimi kalamu siijui. Nimemkataza kulainisha neno hata moja.

Nimesikia umepewa timu ya wakubwa uifundishe. Nilifurahi, nikawaambia wanawake wote wa kanisa. Ulitutoka Bukavu na miaka kumi na sita, ukacheza beki huko miaka kumi na miwili, wakakupa pasipoti yao. Goti likaharibika. Mwingine angekaa chini alie, wewe ukaanza kufundisha watoto wadogo mpaka wakakuona. Hilo silikatai, una kichwa.

Sasa sikiliza. Cédric, jirani yetu mwenye duka la simu mjini, aliniita anionyeshe gazeti la huko ndani ya kompyuta. Picha yako kubwa, umevaa koti. Kompyuta ikamfasiria, akanisomea kwamba wachezaji wako unawavua kiatu cha kulia, wanacheza na cha kushoto tu, ili mguu mvivu ujifunze. Mwandishi akakuuliza nani alikufundisha hivyo. Ukajibu ni Ermanno, kocha wako wa kwanza, baba yako katika mpira.

Nikamwambia Cédric, "Soma tena."

"Nyanya, ni yale yale."

"Nimesema soma."

Ladislas, huyo Ermanno alikuwa Bukavu? Kiatu alikuvua babu yako Dominiki, nyuma ya kanisa, ukiwa na miaka saba. Nilimgombeza kwa sababu ulirudi kidole kinatoka damu. Akaniambia, "Mama watoto, acha, kesho atapiga kwa kushoto." Na ukapiga. Tulipohamia huku Durban, mzee yule alilinda geti la ghala hapa Clairwood mpaka kifua kikamshinda, na picha yako iko mfukoni, anaonyesha madereva wa malori. Tulipomzika, ulisema mna mechi. Nikameza.

Hili la jina ndilo limenikwama. Wewe ndiye mjukuu wa kwanza, mtoto wako wa kiume ndiye wa kubeba jina la babu. Unajua. Huguette alizaa mwezi mmoja tu baada ya mazishi, akaliomba jina hilo analia. Nikamkatalia mbele ya watu, nikasema jina lina mwenyewe, linamsubiri mtoto wa Ladislas. Akamwita wake Steve, akaninunia mwaka mzima, na haki alikuwa nayo. Mwezi wa saba mwaka huu ukatutumia picha ya mtoto wako. Ermanno. Eish. Nilimfungia dada yako mlango kwa ajili yako.

Basi Jumapili iliyopita niliita ndugu wote, nikapika fufu na sombe, nikamwomba Huguette msamaha wote wakisikia. Halafu nikamshika mwanawe kichwani, nikampa jina. Limekwenda. Usije kulitafutia mtoto wa pili.

Mtoto wako simchukii, mtu asikudanganye. Mlete nimbebe kabla mikono haijachoka. Hata huyo Ermanno simgombezi, alikufungulia nyumba yake ukiwa huna mtu, Mungu amlipe. Ila siku mwandishi mwingine akikuuliza, umwambie nani alikuvua kiatu.

Shangazi yako Marcelline anakusalimu, na Cédric pia. Huguette anakusalimu, ingawa anaandika amekunja uso. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na goti lako, mvua na jua.

Babu yako Dominiki naye yuko hapa, chini ya meza. Ana miaka mitatu, amevaa kiatu kimoja. Ukipiga simu, umsalimu yeye kwanza.

Anayekupenda na hasira yake yote,
Nyanya yako Henriette