Mwanakombo ni Jina Moja

Jumatano, Msambweni. Mvua asubuhi, sasa jua kali.

Wewe unayesoma, nakuomba kwa heshima zote: haya yabaki kwako. Usimtumie mwenzako, usimsomee hata mtu wa nyumbani. Mkataba wangu wa ukarani hapa ofisi ya vyeti unaisha mwezi huu.

Sisi makarani wa muda tumetakiwa kuandika insha ili tufikiriwe kazi ya kudumu. Swali: kwa nini wananchi hurudi kila mara kusahihishiwa vyeti? Tutetee hoja kwa mifano mahususi. Wenzangu wameandika kwamba wananchi hawajazi fomu vizuri. Mimi nimeandika kwamba makosa mengi ya majina huanzia upande wetu wa dirisha.

Kisha nikatoa mfano. Bi Mwanakombo wa Wasini amekuja kwetu mara tatu kwa sababu cheti cha kuzaliwa cha bintiye kinamwita yeye, mama mtu, "Mwana Kombo". Kwenye kitambulisho chake ni neno moja. Kwetu yamekuwa majina mawili, na kompyuta inasema huyo si mama wa mtoto. Mtu yeyote wa Kwale anajua kwamba Mwanakombo halikatwi.

Mimi ni wa Kwale. Na aliyelikata ni mimi.

Ilikuwa wiki yangu ya kwanza kazini. Mashine ilikataa kuendelea mpaka nafasi ya jina la pili ijazwe. Niliogopa kuuliza, nikalipasua. Hilo nalo nimeliandika. Ndio mfano wangu wa pili.

Jana mkubwa wangu aliisoma, akavua miwani.

"Binti, hii ni insha au umejishtaki? Toa majina. Andika 'baadhi ya wananchi'. Hao hawana kwao, wala hawagombani na mtu."

Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha. Asiponiunga mkono, sina kazi.

Nilijaribu. Nilifuta, nikaweka "baadhi ya wananchi", nikasoma. Hoja ilikuwapo, ila ndani yake hamkuwa na mtu.

Leo asubuhi Bi Mwanakombo amerudi, mara ya nne, buibui limelowa. Nikampa shikamoo, nikamweleza yote, hata kwamba mkono ulikuwa wangu. Nilitaraji matusi.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Siku zote nilikuwa namlaani mwanamume."

Nikamwomba ruhusa ya kumtaja kwenye insha.

"Nitaje. Lakini uniandike pamoja, usinipasue tena."

Fomu yake ya masahihisho nimeijaza mwenyewe. Jina lake nimelirudisha kwenye insha, na saa nane mchana nimeiwasilisha. Mkubwa ameipokea na kuvaa miwani.

Naogopa, sikufichi. Lakini sifuti.

Kama na wewe jina lako tulilikata, usiniulizie langoni. Njoo dirisha la tatu kabla ya adhuhuri, maadamu mkataba bado upo. Sema umekuja kuunganishwa. Nitakuelewa.