Mke Mwenza Aliyepika Makapi

Mwaka mmoja umetimia, mjukuu wetu, tangu homa ya siku tisa ilipokutoa mikononi mwetu. Nyumbani bado tunakutazamia. Jioni lango likilia, bibi yako hugeuza shingo, kisha hucheka peke yake na kuendelea kuchambua mchele.

Maana machoni petu huwa unaingia hivi, kama zamani: nyusi zimejaa majivu, mkoba begani, viatu mkononi ili usimchafulie babu sakafu. "Hodi, mke mwenza! Mume wetu amekula?" Na bibi yako: "Amekula changu. Chako nani atakila, wewe unayepika makapi?" Babu naye hakubali kupitwa: "Mimi nimeoa wawili. Mmoja ananishibisha, mwingine ananitia moshi."

Ulikuwa mpole hata kwa takataka. Pale kwenye mashine ya kukoboa mpunga, wengine waliona lundo la makapi linaloziba njia. Wewe uliona sola. Ulitueleza pole pole, mpaka bibi yako aliyeishia darasa la nne akaelewa: ndani ya ganda la mpunga mna kitu kile kile kilichomo kwenye mchanga. Ukiliosha na kulichoma vizuri, hubaki majivu meupe, na majivu hayo, yakipita mikononi mwa wenzako wa maabara, huwa vibamba vyeusi vinavyokunywa jua na kutoa umeme. Mwenye mashine alidhani unafuga. "Dada, magunia kumi na mawili? Una kuku wangapi?" Ukamjibu, "Wachache tu, ila wanataga mwanga." Tangu siku hiyo akawa anakushindilia gunia hadi mdomoni bila kuombwa.

Siku za kuchoma ulimchukua bibi yako. Tanuri lenu la matofali, nyuma ya maabara, lilikuwa na kipimo cha joto kisichosema kweli, naye bibi alikuwa amepikia jiko la makapi tangu utotoni. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, moshi ukipanda mwembamba kama uzi, jua likiteleza juu ya mabati, nyinyi wawili mkinong'ona. "Tuongeze moto, bibi?" "Bado. Makapi ukiyakimbiza, weusi hujifungia ndani, hautoki tena." Kisha harufu ilififia, ikabaki kama ya vumbi lililonyeshewa, naye akasema, "Basi." Mlipofungua, mlikuta wingu limelala tanurini.

Ulipoondoka, wenzako walichoma mara tisa. Mara zote majivu yalitoka ya kijivu. Baada ya miezi minne akaja yule mwenzako mrefu, uliyempa jina la Twiga, akakaa sebuleni na daftari lako magotini.

"Bibi, mkubwa wetu anasema tukishindwa mpaka mavuno yajayo, kazi ya mjukuu wako inafungwa na tanuri linabomolewa. Tumefuata kila alichoandika. Ila hatua ya tano aliandika hivi tu." Akasoma: "Muulize bibi."

Bibi yako alimrudishia daftari. Alikuwa ameapa kwamba hatatia mguu kwenye ua ule bila wewe. Wiki mbili nzima alichambua mchele uliokwishachambuliwa. Mwishowe babu akamwambia, "Mke mkubwa, mdogo hakuniandika mimi. Kakuandika wewe. Anakuita, nawe utakaa hivyo hivyo bila kuitika?"

Akaenda. Ndoo walikuwa wameshaipindua. Twiga hakutulia hata kidogo: "Tuongeze, bibi? Tuongeze sasa?" "Wewe shingo ndefu, kaa chini." Alasiri ile ilipita kama usingizi wa mchana. Mara kadhaa alihisi bega lako limeegemea lake. Hakugeuka, asije akalifukuza. Ndipo harufu ikabadilika. Lile "Basi" lilikuwa neno lenu wawili. Akalitoa. Walipofungua, majivu yalikuwa meupe.

Twiga alitaka bibi awe anakuja kila wanapochoma. Moyo wa bibi yako ulitaka kukubali, kwani hatua ya tano ikibaki vile ulivyoiandika, wewe bado unamwita. Lakini umri ni umri, na kazi yako ikimtegemea yeye itazikwa naye. Akamwambia, "Chukua kalamu. Utanusa mwenyewe, utaandika saa na dalili zake." Walirudia siku sita, mpaka kijana wa watu akawa anapiga chafya nyeupe.

Sasa wanachoma bila yeye. Kipande cha kwanza cha sola kilichotokana na majivu yale, kidogo kama kiberiti, kimewasha taa moja mezani kwao. Jumatano iliyopita bibi yako alikuwa anatoka sokoni, akapita nje ya ukuta wa maabara. Moshi ukamfikia, mwembamba, harufu yake ikigeuka. Alisimama na kapu lake, akafungua mdomo. Kabla hajasema kitu, sauti ya Twiga ikaita kutoka ndani: "Basi!"

Bibi yako akafunga mdomo, akaenda zake taratibu, hana haraka tena.

Wanaokukumbuka ni babu yako, mume wetu sisi wawili; baba yako na mama yako; kaka zako wawili na mdogo wako wa kike; shangazi na wajomba; wenzako wa maabara; mwenye mashine, ambaye bado anaulizia kuku; na bibi yako, mke mwenza.

Kukukumbuka hatutaacha, maisha yetu yote.