Kura Moja ya Mjomba

Mjomba mpendwa,

Hili sijamwambia mtu. Ile kura moja ya udiwani uliyopata kituo cha shuleni kwetu ni ya Mama. Bibi anaapa ni yake, basi anamshuku Mama: "Kumbe mwanangu mwenyewe kamnyima kaka yake!" Siku ya tatu leo hawasemezani, jikoni zinasemezana sufuria tu.

Mimi ndiye niliyemtilia Bibi alama, maana haoni. Alininong'oneza, "Mpe mwanangu." Nikampa mgombea wa Baba, kwa sababu Baba alinionya, "Nitajua tu." Angejuaje? Sasa kila anayenitazama naona kama anajua.

Fimbo ya Bibi inagonga sakafu, inakuja mlangoni. Haoni, Mjomba, lakini karatasi hii naificha