Sifa Niliyompa Mheshimiwa Asiyekuwepo

Jillo, mdogo wangu,

Nakuandikia kwa jicho moja. La kushoto limevimba, halifunguki, na mkono wa upande huohuo siwezi kuuinua kupita kifua. Jana mchana mama alinipiga kwa mchi wa kutwangia mpunga. Wewe unanijua, mimi si mtu wa kupigwa nikanyamaza. Jana nilinyamaza.

Barua hii siifichi. Nikiimaliza, rafiki yako Guyo ataipiga picha aitume kwenye makundi yale yale ya simu yaliyobeba picha iliyokuua. Kila aliyeiona ile, aione na hii. Na kwa kuwa wengi watakaosoma hawakukujua, itanibidi nikukumbushe mambo unayoyajua kuliko mimi. Nivumilie.

Mchezo wako ulianzia kambini, mwaka ule mto ulipopanda hadi jikoni kwetu tukahamishiwa kwenye mahema kando ya barabara ya Garsen. Ulikuwa na miaka tisa, mimi kumi na minne. Waheshimiwa walikuja mmoja baada ya mwingine na magunia ya unga na vipaza sauti, na baada ya mwezi ukawa huwezi kumtenganisha huyu na yule. Ukaokota makopo matatu ya mafuta ya kupikia. La kwanza ulitia vikaratasi vya majina, la pili majina ya baba, la tatu sifa. Ukichota vitatu, umepata mheshimiwa. "Mheshimiwa Esta Dulo, huahidi daraja mahali pasipo na mto." "Mheshimiwa Samweli Barisa, hulia kwenye mazishi ya watu asiowajua." Ulipanda juu ya jerikeni, kanga ya mama begani, ukahutubia kama Esta Dulo mpaka wazee wakajifuta machozi. Mafuriko yalikuwa yametuchanganya, watu wa mashamba na watu wa ng'ombe hema kwa hema, na wote walicheka. Guyo alikuwa mtoto wa hema la pili, watu wa ng'ombe. Ndiye aliyekuwa akikusanya kura.

Mimi nilikuwa mpinzani wako. Nikishindwa kwa maneno nilitumia mikono. Nilikuvunja jino kwa ajili ya kura za karatasi, na ulipoulizwa na mama ulisema umeanguka. Ulianza zamani tabia hiyo.

Ulipomaliza masomo ya kompyuta Hola, ukafungua kibanda chako cha kutengeneza simu pale Garsen, makopo yakaingia ndani ya simu. Mtu anabonyeza, simu inamchotea mheshimiwa, kisha anashindana naye kutafuta kura. Wewe na Guyo mlikesha mkikusanya majina. Kwetu huku mtu akitaja jina lake tu, kabla hajakaa, umeshajua anatoka kwa majembe au kwa ng'ombe, na pengine umeshakumbuka ni nani wake aliyemuua nani wako. Nyinyi wawili mliyakata majina katikati mkayachanganya, nusu ya huku na nusu ya kule. Uliniambia, "Dada, mtu atampigia kura kisha ndiyo aanze kujiuliza ni wa nani." Ulicheka mwenyewe kwa werevu wako.

Sifa ulinipa mimi nitafute, kwa kuwa ulisema mdomo wangu una sumu ya kutosha kaunti nzima. Nilikuletea zaidi ya mia. Hulala akiapishwa. Anaogopa mbuzi. Anamwogopa mkewe kuliko tume ya uchaguzi. Ulizitia zote, ukanipa sharti moja tu: "Habari za malka usilete. Chochote kingine leta."

Malka, kwa asiye wa huku, ni njia ya ng'ombe kupita katikati ya mashamba wafike mtoni kunywa. Mwenye shamba anaiona ni mdomo unaomlia mahindi yake. Mwenye ng'ombe anaiona ni koo, na koo likizibwa mtu anakufa. Watu wamechinjana kwa ajili ya malka tangu kabla babu yetu hajaota meno. Sharti lako nililielewa vizuri. Sitasema sikulielewa.

Kisha ng'ombe wakaingia shambani kwangu, mahindi yakiwa ndiyo kwanza yanatoa ndevu. Nilipowafukuza, mchungaji wao alinichapa fimbo tatu mgongoni, na mimi nikamrushia jiwe likampata mdomoni. Nikapanda boda mpaka kibandani kwako, gauni limeshikana na damu. Ulinikalisha kwenye kiti chako, ukanisafisha mgongo kwa maji ya chumvi, hukuuliza ni nani. Ulisema tu, "Tulia hapo," ukatoka na Guyo kwenda hotelini kunitafutia chai na chapati. Kompyuta uliiacha wazi mbele yangu, kwenye orodha ya sifa. Namna ya kuongeza mstari ulikuwa umenifundisha mwenyewe.

Niliandika: Atafunga malka zote, na ng'ombe atakayevuka atakatwa miguu.

Nikabonyeza, ikaingia. Nilijisikia vizuri, Jillo. Sitaki kudanganya kwenye barua hii. Nilijisikia kama mtu aliyekuwa na kiu akapata maji. Ukarudi na chapati, nikala mbili, na sikukwambia kitu.

Karibu mwezi mzima sifa ile haikutoka, nikaisahau. Siku iliyotoka ilitoka kwenye simu ya mtu tusiyemjua, na jina lililotangulia lilikuwa Maro Komora. Vipande vyote viwili vya upande wetu. Mlitaka majina yachanganyike, lakini kura ni kura, siku nyingine hutoa ndugu wawili. Na Maro Komora si jina tu. Ni mzee jirani yetu, shamba lake linapakana na malka yenyewe. Aliyepiga picha kioo cha simu alikata sehemu ya juu palipoandikwa kuwa huu ni mchezo. Ilikuwa msimu wa kampeni, kuta zote zina nyuso za wawaniaji. Nani angeuliza? Kabla ya adhuhuri picha ilikuwa Golbanti, na jioni watu wa Hola walikuwa wakitupigia simu kutuuliza mzee huyu ana wazimu gani.

Mzee Maro hakuwa na wazimu. Alikuwa na masikio mabovu na migomba. Hata uenyekiti wa kamati ya maji aliukataa. Asubuhi ya pili watu wa ng'ombe walimkuta ameinama anakata mkungu wa ndizi, hakuwasikia wakija. Walimkata mabega na shingo. Tulipofika alikuwa bado ameukumbatia mkungu wake, na ndizi zimekuwa nyekundu.

Vijana wetu hawakungoja azikwe. Walivuka wakachoma nyumba za nyasi za watu wa ng'ombe ambao hata hawakuwa wamesikia habari. Ndama waliofungwa waliungua wakilia. Niliwasikia kutoka mlangoni kwangu, na kilio cha ndama anayeungua hakina tofauti na cha mtoto. Nilifunga mlango, na siri yangu nikabaki nayo.

Kisha ukoo wa Mzee Maro ukaanza kumtafuta aliyemwandika mzee wao, wakaambiwa mchezo ni wako. Walikuja sita, mchana, jua la saa nane. Mama alikuwa kijiji cha Wema kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa. Mimi nilikuwa ghalani nachambua mbegu ya mpunga. Uliwaona wakikata kona, ukaja ukausukuma mlango wa ghala, ukatia kigingi kwa nje, ukaniambia kupitia ufa, "Usitoke, dada. Hata ukisikia nini."

Nilisikia yote, na kwenye matete ya ukuta wa ghala kulikuwa na nafasi, nikaona pia. Walikuuliza, "Nani aliandika?" Mmoja akasema lazima ni yule rafiki yako wa ng'ombe. Hilo lilikuwa jibu jepesi, mlango wa kutokea wamekufungulia wenyewe. Ungesema ndiyo ungekuwa hai. Ukasema, "Guyo hakuandika. Mashine ni yangu. Ni mimi."

Walianza na magoti. Ulipoanguka ukawa unawaita kwa majina yao, mmoja mmoja, kwa sauti ya kawaida, kama unawaita waje kula. Hao walikuwa wamekula kwetu, Jillo, wawili kati yao mama aliwanyonyesha mama yao alipougua. Rungu la pili la kichwa ndilo lililokunyamazisha. Waliendelea baada ya hapo. Nilikuwa na panga mkononi, na kigingi kile ningekivunja kwa teke moja. Nilitia kanga mdomoni nikaing'ata. Mimi niliyekuvunja jino kwa kura za makopo, siku hiyo sikutoa hata sauti.

Tulikuzika na watu wanane. Hakuna aliyeimba. Mama alitoa picha yako ukutani, akailaza kifudifudi chini ya godoro, na tangu siku hiyo hakulitaja jina lako. Akiulizwa ana watoto wangapi alisema, "Mmoja." Alisema hivyo mimi nikiwa nimekaa kando yake nachambua mboga. Alisema mwanawe aliuza damu ya jirani kwa mchezo wa simu, na kaburi lako hakulikanyaga. Miaka mitatu nimemsikia. Miaka mitatu nimekula ugali wake, nimebeba maji yake, nimeitwa mtoto mwema. Kila nilipofungua mdomo niliona yale magoti yako, nikaufunga.

Wiki iliyopita Guyo alirudi. Mkono wake wa kulia una vidole viwili, hivyo vingine alikatwa na watu wake mwenyewe siku walipomuuliza swali lile lile. Alikuwa ameificha kompyuta yako muda wote huu, ameitengeneza sasa inawaka. Aliiweka juu ya meza, akaniamkia kwa heshima, akasema, "Dada, kila mstari humu umeandikwa saa uliyoingia. Huu wa malka uliingia sisi wawili tukiwa hotelini tunangoja chapati." Hakunitazama. Alitazama mkono wake.

Akanionyesha na jambo la pili. Asubuhi picha ilipoanza kuzunguka, uliingia ndani ukaufuta mstari ule. Kompyuta imeiandika na saa hiyo pia. Kwa hiyo ulikuwa umeuona. Ulijua ni nani aliyekuwa amekaa kwenye kiti chako saa ile, mgongo wake unanuka maji ya chumvi. Ulijua, na bado ulitia kigingi mlangoni ukaenda kuwaambia ni wewe.

Nimekukasirikia, Jillo. Acha nikwambie, maana huku duniani hakuna mwingine wa kumwambia. Nani alikuomba? Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nililichuma, ukalila peke yako ukaniachia sahani tupu niitazame. Nikilala naota nakupiga tena kama zamani, nakupiga nikikwambia sema, sema ni dada. Nikiamka nalia mpaka shingo inaniuma. Ulikuwa mtu bora kuliko mimi, na nilikuwa nalijua hilo tangu ulipomdanganya mama kuhusu jino.

Jana nilimwambia mama. Alikuwa kwenye kinu, mimi nimekaa chini mbele yake. Nilimwambia fimbo, chai, mstari, kigingi, yote, bila kupunguza. Alisimamisha mchi hewani akauliza, "Alisema ni yeye?" Nikajibu, "Alisema ni yeye, mama. Nami nilikuwa ghalani nikimsikia." Pigo la kwanza lilikuwa la bega. La pili la uso. Alikuwa akisema, "Miaka mitatu umeniacha namlaani. Miaka mitatu." Alipiga mpaka pumzi ikamwishia, akakaa kwenye vumbi na mpunga umemwagika kila mahali, kuku wanaula. Kisha akanyanyuka, akachukua picha yako chini ya godoro, akaifuta kwa ukingo wa leso yake, akaenda kaburini peke yake. Nilitaka kumfuata, akanitupia jiwe. Nilimsikia toka mbali akikuita. Alikuita kwa jina lako, na la babu, na lile la utoto ulilokuwa ukilionea haya mbele ya wasichana. Alikuita mpaka jua likashuka.

Sasa ni asubuhi. Guyo anangoja nimalize. Wale sita wataisoma, sijawataja, wanajijua. Watoto wa Mzee Maro wataisoma, na wenye zile nyumba zilizochomwa, na yule mchungaji niliyemvunja meno. Mzee Maro hakugombea kitu. Wewe hukuandika kitu. Guyo hakuandika kitu. Anayetaka mkono ulioandika, anajua nyumba yetu ilipo, na safari hii mlango hauna kigingi. Naogopa, mdogo wangu.

Mama hajanisemesha tangu jana. Lakini nilipoamka nilimkuta amekaa kizingitini, mgongo wake kwangu, uso njiani, na ule mchi mapajani. Uzi wa damu yangu bado uko kwenye mti wa mchi. Nilimuuliza, "Mama, umekaa hapo unangoja nini?"

Hakugeuka. Alisema, "Nina watoto wawili. Mmoja alichukuliwa nikiwa sipo."

Pumzika, Jillo. Ubebe jina lako, limerudi safi.

Mimi dada yako,
niliyeuandika ule mstari.